Mzio wangu ni wa mafuta, si wa dawa

Kila nikilazwa, swali la kwanza la nesi ni lilelile: "Mama, una mzio na dawa yoyote?" Zamani nilijibu "saiklosporini", anaandika kwa kalamu nyekundu, yamekwisha. Siku hizi hatoki pale kitandani mpaka aongeze neno Cremophor. Wengi hawajawahi kulisikia, nami siwalaumu.

Figo nilipandikizwa Chennai, India, kabla Muhimbili hawajaanza kupandikiza mwaka 2017. Aliyenipa ni mdogo wangu wa kiume. Baada ya upasuaji nikawa natapika kila ninachomeza, na dawa za kuuzuia mwili usiikatae figo hazingoji tumbo litulie. Wakaamua nipewe saiklosporini kwa dripu.

Haikuchukua muda. Viganja vikaanza kuwasha, ule muwasho wa ndani kwa ndani ambao kucha haziufikii. Masikio yakawa ya moto. Kifua kikabana, nataka kumwita sista, sauti haitoki, natoa mluzi tu. Bahati nzuri alikuwa amesimama palepale, maana utaratibu wa dawa hii ni mgonjwa kutazamwa mfululizo walau dakika 30 za mwanzo, adrenalini na oksijeni vikiwa karibu. Alifunga dripu kwanza, ndipo akapaza sauti kumwita daktari. Nikachomwa sindano ya paja, moyo ukanienda mbio mpaka nikahisi kitanda kinatikisika.

Nililia sana usiku ule. Niliona figo ya watu inakwenda bure kwa kukosa dawa.

Kesho yake daktari akanieleza. Saiklosporini haiyeyuki kwenye maji. Ili ipite mshipani, huyeyushwa kwenye pombe na Cremophor EL, ambayo asili yake ni mafuta ya nyonyo yaliyounganishwa kiwandani na kemikali ya ethilini oksaidi. Mililita 1 ya ile sindano ina saiklosporini miligramu 50 na Cremophor miligramu 650. Mbebaji kauzidi mzigo mara 13! Hiyo Cremophor inaweza kumwangusha mtu hata kama hajawahi kuipata maishani. Huwapata wachache, takriban mgonjwa 1 kati ya 1,000. Tena ni nzito: dripu isipochanganywa vizuri huzama chini ya chupa, na mgonjwa huanza kupokea ile iliyokolea.

(Mama yangu aliposikia "nyonyo" kwenye simu, alitupa chupa yake ya mafuta ya nywele. Nimemweleza mara nyingi kwamba ya kwake hayana neno. Hataki.)

Tumbo lilipotulia nikapewa saiklosporini hiyohiyo, ya kumeza, nesi kanikodolea macho. Sikupata hata kipele. Nimeimeza miaka, mpaka fizi zikavimba na ndevu zikaanza kuniota, ndipo wakanihamishia takrolimasi, dawa nyingine ya kuuzuia mwili usiikatae figo.

Kumbe faili langu bado lilisema "mzio: saiklosporini", basi. Nilirudi kule kwa uchunguzi, nikashikwa na tumbo la kuharisha na kutapika, daktari kijana akaona anisaidie kwa takrolimasi ya dripu. Kwa faili lile alikuwa sahihi kabisa. Lakini takrolimasi ya sindano nayo huyeyushwa kwa pombe na ndugu wa Cremophor, mafuta mengine ya nyonyo ya kiwandani. Nikamwomba asome karatasi iliyomo kwenye boksi. Akasoma, akairudisha boksini bila neno. Nikapitishiwa mpira puani, dawa ikaingia tumboni kwa njia hiyo mpaka nikaweza kumeza.

Sasa natembea na kikaratasi kwenye pochi, na mume wangu ana picha yake kwenye simu: nisichomwe saiklosporini, nisichomwe takrolimasi, na nikipata saratani, Mungu apishie mbali, waulize kwanza kuhusu paklitakseli, kwa kuwa nayo huyeyushwa kwa Cremophor. Saiklosporini na takrolimasi za kumeza, ruksa.