Ndoo Moja, Kazi Nne: Usafi wa Nyumba ya Kupanga kwa Gharama Ndogo

Anayepanga chumba na sebule Dar es Salaam hugundua mapema kwamba kinachokula fedha katika usafi si sabuni wala ufagio, bali ni maji. Katika mitaa mingi bomba halitoki kila siku, na siku lisipotoka maji hununuliwa kwa dumu la lita 20, ama kwa jirani mwenye kisima ama kwa kijana anayepita na mkokoteni. Walioishi hapa wakati wa mgawo wa Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka, hawahitaji kuelezwa jinsi bei ya dumu inavyopanda kukiwa na ukame. Isitoshe, maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi, hayatoi povu upesi, na kwa sababu hiyo mtu hujikuta akiongeza sabuni kila anapofua. Ndiyo maana naona kwamba mazungumzo juu ya usafi wa bei nafuu yaanze na mpango wa maji, na dawa za kuchanganya zifuate baadaye.

Mpango wenyewe ni kuyafanya maji yatembee kutoka kwenye kazi safi kuelekea kwenye kazi chafu. Siku ya kufua, nguo nyeupe hutangulia, za rangi hufuata, kisha matambara ya jikoni na mazulia ya mlangoni. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe hayana uchafu wa kuyafanya yamwagwe, kwa hiyo ndiyo yanayolowekea nguo za rangi. Maji ya sabuni yaliyobaki mwishoni hupiga deki varanda na korido, na yale yaliyotoka kwenye dekio huishia chooni, ambako vinginevyo yangetumika maji safi ya dumu jipya. Ndoo moja imefanya kazi nne. Maji ya kuoshea mchele huenda kwenye mchicha au kwenye makopo ya maua, lakini maji yenye jiki yasiguse mmea wowote. Sharti pekee la mpango huu ni kwamba ndoo ya maji ya kunywa na kupikia, pamoja na kata yake, isiingizwe kabisa katika mzunguko huo, hata kwa dakika moja ya haraka.

Njia nyingine ya kuokoa maji ni kutoyatumia mapema. Vumbi kavu huondoka kwa ufagio na kitambaa, lakini vumbi lililomwagiwa maji limekwisha kuwa tope, na tope hudai ndoo mbili. Nyavu za madirisha zipigwe kwanza kwa brashi kavu kutoka ndani, tena siku isiyo na upepo wa kuyarudisha yote sebuleni. Mapanga ya feni husafishwa vizuri kwa foronya kuukuu: unalivika panga foronya, unalibana kwa mikono miwili na kuvuta kuelekea kwako, na vumbi lote hubaki ndani ya foronya badala ya kukuangukia kichwani na kitandani. Baada ya hapo ni juu ya kabati, kisha rafu, kisha meza, na sakafu mwisho. Anayeanza na sakafu atairudia, na hiyo ni kanuni isiyohitaji maelezo marefu.

Dekio zuri halinunuliwi. Kanga iliyochakaa ikakaribia kuwa nyavu, au fulana ya pamba isiyovalika tena, hunyonya maji kuliko vitambaa vingi vinavyouzwa dukani. Tatizo la nguo nyingi za siku hizi ni kwamba zimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, nazo husukuma maji huku na huku bila kuyanyonya, kwa hiyo kabla ya kuichana nguo kuwa tambara, idondoshee tone la maji uone kama linazama au linateleza. Deki inayong'arisha huhitaji ndoo mbili ndogo kuliko moja kubwa: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia dekio kabla halijarudi kwenye sabuni. Wengi hutumia moja, kisha hushangaa kwa nini sakafu ya vigae inakauka na mistari ya kijivu. Ile mistari ni uchafu uleule uliohamishwa kutoka pembe moja kwenda nyingine.

Kuhusu sabuni, nina upendeleo wa wazi kwa sabuni ya mche. Ikikatwa vipande mara tu inaponunuliwa na kupangwa kwenye rafu yenye hewa, vipande vikiachiana nafasi, maji yaliyomo hupungua na sabuni huwa ngumu, na sabuni ngumu huisha polepole sana kuliko ile laini inayoyeyukia kwenye kisahani chenye maji. Vipande vidogo vya mwisho, vile vinavyoteleza mkononi, hukwanguliwa kwa kisu na kuloweshwa katika maji ya moto hadi vigeuke kuwa uji wa kuoshea vyombo. Sabuni ya maji ya kupimiwa mtaani nayo hufaa, ila ubora wake hutofautiana mno kutoka kwa mtengenezaji mmoja hadi mwingine, na iliyo nzito kwa macho si lazima iwe na nguvu.

Hata hivyo, vyombo vyenye mafuta havistahili kuanza na sabuni. Sufuria iliyokaangiwa samaki ipanguswe kwanza kwa karatasi au kwa jivu kavu, na mafuta hayo yaende kwenye taka, si kwenye karo, ambako huganda na kuziba bomba. Jivu la kuni au la mkaa lina asili ya magadi, ndiyo sababu hukata mafuta, na bibi zetu waliosugulia vyungu kwa jivu na makumbi ya nazi hawakuwa wakibahatisha. Anayepikia gesi hana jivu lake mwenyewe, lakini mama lishe wa jirani analo la kutupa kila jioni. Lichekeche kwanza ili lisiwe na chembe za kukwaruza. Sufuria ya ugali haina haja ya jivu wala stilwaya: ijazwe maji papo hapo ugali unapopakuliwa, na mkimaliza kula ukoko utakuwa umekwisha kujibandua wenyewe. Anayepikia kuni apake sehemu ya nje ya sufuria sabuni iliyolowa kabla ya kuinjika, na masizi yatashika kwenye sabuni badala ya kushika kwenye chuma.

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na hapa pana jambo ambalo washauri wengi wa usafi hulipita haraka. Alumini haipatani na vitu vya asili ya magadi. Ukiiacha imelowa jivu au magadi kwa muda mrefu itafifia na kuwa na weusi. Kinachoirudishia mng'ao ni kitu kichachu, yaani chenye asidi. Chemsha maji ndani yake pamoja na maganda ya ndimu mlizokwisha kuzikamua mezani, na ule weusi utalegea. Maganda hayohayo, au siki kidogo, huondoa ule utando mweupe ambao maji ya kisima huuacha ndani ya birika na kwenye kichwa cha bomba, kwa kuwa utando huo ni chokaa, na chokaa huyeyuka katika asidi. Sinia na vyombo vya shaba, kwa wale waliorithi, husafishwa kwa ukwaju uliolowekwa, kisha husuuzwa na kukaushwa mara moja.

Jiki ni ya thamani na ni ya hatari, na watu wengi huipoteza bure. Haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, kwa hiyo choo kioshwe kwanza kwa sabuni na kusuguliwa, ndipo jiki ifuate. Chupa nyingi huandikwa nguvu ya asilimia 3.5, na kipimo kimoja cha jiki ya namna hiyo katika vipimo sita vya maji hutoa asilimia 0.5, nguvu inayotumika katika vituo vya afya kusafishia mahali palipoguswa na matapishi au kinyesi cha mgonjwa wa kipindupindu. Sakafu ya sebule haihitaji nguvu hiyo hata kidogo. Changanya ile tu utakayoitumia siku hiyo, maana ikishachanganywa hupoteza nguvu, na chupa yenyewe ikae kivulini. Tena usiichanganye kamwe na siki, ndimu, au dawa kali ya choo yenye asidi, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na vyoo vyetu vya kupanga havina dirisha la kukuokoa.

Kwa kuwa tunahifadhi maji, mapipa na ndoo navyo ni sehemu ya usafi. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyousumbua mji huu mwaka 2019, hutaga kwenye kuta za ndani za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hushika pale na kustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji na kuyajaza mengine hakumalizi tatizo. Kuta za pipa zisuguliwe kwa brashi kila wiki, kwa sababu safari ya kutoka yai hadi mbu anayeruka yaweza kumalizika kwa muda wa wiki moja hivi, kisha pipa lifunikwe. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyosikilizwa redioni na kujadiliwa katika vikundi vya watu wazima nchi nzima, ilihimiza watu kuondoa maji yaliyotuama na kuchimba vyoo, na sehemu kubwa ya gharama ilikuwa nguvu za mikono. Leo majembe yamepungua mjini, lakini brashi ya pipa bado haina mbadala.

Sasa nije kwenye mpangilio, ambao kwa chumba kimoja ni suala la vitu kabla ya kuwa suala la rafu. Chumba hakipangiki kikiwa na vitu vya nyumba nzima. Chupa tupu za plastiki na vyuma chakavu vina wanunuzi wanaopita mtaani na kupima kwa kilo. Nguo za watoto zilizokwisha kuwabana zina watoto wa jirani. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, kila jiko limekusanya mifuko mbadala ya kila rangi, na sioni sababu ya kaya ya watu wanne kuhifadhi zaidi ya ile inayoenda nayo sokoni. Inayobaki itumike kupangia: mmoja wa shuka, mmoja wa taulo, mmoja wa nguo za mvua, yote ikisimama wima uvunguni ili uone kilichomo bila kuvuta kila kitu.

Maboksi ya karatasi nayachukia. Hunyonya unyevu wa masika, hulegea chini, na zile nafasi ndogo ndani ya kuta zake ndizo mende huzipenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya nyumba. Ndoo ya rangi ya lita 20, ikioshwa vizuri, ni hifadhi bora ya viatu, vifaa vya fundi, au nyaya za umeme, na kifuniko chake hubana. Isitumike kwa unga wala mchele, hata ikioshwa namna gani. Kwa chakula nunua ndoo ambayo haijawahi kubeba kitu kingine. Kabati lisiegemee ukuta moja kwa moja: upana wa kiganja unatosha kupitisha hewa, na bila nafasi hiyo, kuanzia Machi hadi Mei, mgongo wa kabati na mikanda ya ngozi iliyomo huota ukungu. Karafuu chache katika kitambaa huipa droo ya nguo harufu nzuri, nami nazipendelea kuliko vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, ambavyo mvuke wake una madhara kwa watoto wachanga. Vyeti, mkataba wa pango na risiti za kodi vikae pamoja katika bahasha moja ya plastiki inayofungika, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua.

Mende hawaji kwa sababu ya umaskini. Huja kwa sababu ya chakula na maji ya usiku. Vyombo vikilala vichafu, ndoo ya taka ikilala wazi na sinki likilala na unyevu, hakuna dawa ya kupuliza itakayodumu. Kupangusa jiko la gesi na kukausha sinki kabla ya kulala huchukua muda mfupi kuliko kutafuta dawa dukani.

Katika nyumba ya wapangaji wengi, hata hivyo, usafi wa mtu mmoja una mpaka wake, na mpaka huo ni choo na uwanja wa pamoja. Zamu zilizoandikwa na kubandikwa ukutani huondoa ugomvi mwingi, mradi zihesabiwe kwa vyumba na si kwa wanawake waliomo. Nasema hivi kwa makusudi, kwa sababu nimeona nyumba ambamo kijana wa kiume anayeishi peke yake huachwa nje ya orodha kana kwamba hatumii choo. Ndani ya familia pia, mtoto wa kiume wa miaka minane anaweza kufagia na kusuuza vyombo sawa na dada yake, na kazi ikigawanywa hivyo hakuna mtu anayemaliza Jumamosi nzima na ufagio mkononi.

Kama kuna fedha kidogo ya kutumia, ningeiweka kwenye vitu vitatu: brashi ngumu ya mpini mrefu, ndoo ya maji ya kunywa yenye kifuniko na koki, na glavu za mpira. Fagio la chelewa la kufagilia uwanja hupatikana kwa bei ndogo sokoni, na likilegea hukazwa upya kwa kamba. Manukato ya sakafu, vitambaa vya rangi maalumu na dawa za chupa kumi tofauti vinaweza kusubiri.