Nauli ya Sule

Binti yangu aliniuliza jana, mdomo umejaa posho: "Baba, eti wakati wa korona mlikuwa mnamfunga Sule kamba?" Kayasikia shuleni. Nikamwambia ameze kwanza. Hatukumfunga Sule, mtoto wa dada yangu. Ila walioshauri hivyo walikuwepo, na mmoja alituletea hadi kamba yenyewe, ya katani, mpya.

Mimi nilikuwa nimekwama Bombo, Uganda. Nilikwenda kwa dada kulala usiku tu, na tarehe 25 Machi 2020 Rais akasimamisha usafiri wa abiria. Shule zilishafungwa. Watoto wengine walifurahia likizo. Sule siku ilimkosea pa kuanzia. Amezoea kila asubuhi taksi ya Haji, yaani basi dogo la abiria, kiti cha nyuma ya dereva, dirishani, hadi shuleni Kawempe. Sasa alisimama mlangoni na sare yake mpaka jua likapanda, kisha akaanza kugonga kichwa ukutani.

Majirani wakatoa hukumu: huyu kasema jini, yule kasema kudekezwa, wa tatu ndiye wa kamba. Dada halali. Mwalimu wa Sule alipopatikana kwenye simu alisema: msimwondolee vyote kwa mpigo. Mwachieni sare, begi, saa ile ile. Mchoreeni siku kwa picha, aone kinachofuata. Dada akachora taksi, akaikata kwa kalamu nyekundu kuonyesha haipo. Sule akaichana, akaitafuna. Ndipo Haji, aliyekuwa akisikiliza simu isiyomhusu, kama kawaida yake, akasema, "Gari ipo. Imekosekana safari tu."

Gari lenyewe lilikuwa uani kwake, ekseli juu ya mawe, betri imetolewa kwa hofu ya wezi. Basi ikawa kila saa moja asubuhi tunapanda. Haji kwenye usukani, dada na Sule nyuma yake, mimi kondakta mlangoni. Sule anataja stegi: Matugga, Kawanda, Maganjo. Haji anabadilisha gia, anapiga honi kwa mdomo. Tukifika Kawempe tunashuka, tunakwenda kunywa chai.

Asubuhi moja akatokea askari. Bombo ni mji wa jeshi, nyuso nyingi tunazijua, lakini huyu alikuwa mgeni.

"Nyinyi! Abiria si wamekatazwa? Mnakwenda wapi?"

Siku hizo fimbo ilikuwa inatangulia swali, kwa hiyo kuulizwa tu ilikuwa bahati. Haji akainua mikono kutoka kwenye usukani. Nikampisha mlangoni, naye akaingiza kichwa pale pale kinapokaaga kichwa cha kondakta.

Sule hakumtazama, yeye watu huwa hawatazami. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa sarafu ya mia tano, akamnyooshea.

"Kawempe."

Askari akaitazama sarafu. Akatazama sare, begi, chupa ya maji. Akainama akachungulia mawe chini ya gari, akainuka. Dada akaanza ile sentensi yake ya kila mahali, "Afande, huyu mtoto ana usonji, si kwamba..." Askari akainua kidole, dada akanyamaza. Akaichukua sarafu, akaigeuza pande zote mbili kama anatafuta bandia, akaitia mfukoni.

"Mama, sogea ndani."

Dada akasogea. Askari akavuta mlango, ukajifunga, akapiga bodi makofi mawili. "Songa, dereva!"

Haji aliunguruma kwa mdomo hadi akakohoa.

Dada anasema mpaka leo kwamba yule mtu alitudhihaki, halafu akatuibia. Haji anaapa yule askari ana mtoto kama huyu kwao, kajuaje, hasemi. Mimi hupenda kukubaliana na Haji, kisha naikumbuka ile sarafu ikiingia mfukoni.

Kesho yake Sule alikaa kitini na mia tano mkononi, hakutaja hata Matugga. Anamngoja afande. Nguo za jeshi raia wa Uganda hazigusi hata kwa mchezo, ni kesi, kwa hiyo Haji alishuka, akazunguka, akaingiza kichwa mlangoni na kufoka: "Mnakwenda wapi?" Safari ikaanza. Jambo moja tumelitatua, tumelizaa la pili.

Taksi ziliruhusiwa tena mwezi wa sita, nusu abiria na barakoa. Shule zilifunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022 tu, na darasa la kina Sule halikufunguliwa hata hapo. Lakini taksi ya asubuhi dada hakuikatiza: Kawempe na kurudi. Haji naye, kabla ya kuondoka, anashuka, anazunguka, anamfokea. Wenyeji wamezoea. Kuna siku mama mmoja mgeni alimjia juu: huoni haya, mzee mzima, kumfokea mtoto wa watu?

Haji alichoka kueleza zamani. "Mama," akamwambia, "nauli kwanza."