LLM ya Marekani kwa mwanasheria wa Kisumu au Nakuru: hesabu tatu za muda

Wahitimu wengi wa sheria wanaotoka huku kwenda kusomea LLM (shahada ya uzamili ya sheria) Marekani hudhani wakishasajiliwa na chuo mambo yamekwisha. Bado. Chuo kina masharti yake, uhamiaji una yake, na anayetaka uwakili wa New York ana bodi ya mtihani ya jimbo hilo. Kutimiza ya mmoja hakukutimizii ya mwingine.

Anza na bodi, maana huenda huihitaji LLM yenyewe. Kanuni 520.6 ya New York huangalia muda wa masomo yako na kama sheria ya nchi yako ina asili ya Uingereza. LLB yetu, yaani shahada ya kwanza ya sheria ya miaka 4, iliyosomwa darasani, inaweza kukubaliwa peke yake, ingawa bodi ndiyo huamua baada ya kupitia hati. Omba tathmini hiyo kabla hujalipa karo. Hati za matokeo lazima zitumwe na chuo chenyewe, na hapo ndipo miezi hupotea: aliyesomea sheria Egerton alikaa darasani Nakuru mjini, lakini makao makuu ya chuo yako Njoro. Fuatilia mwenyewe mpaka uambiwe bahasha imetoka.

Bodi ikisema shahada yako ina upungufu wa muda au wa mfumo wa sheria, LLM huziba mmoja wa hiyo miwili, si yote. Iwe na krediti 24 au zaidi, kwenye chuo kilichoidhinishwa na ABA (chama cha mawakili cha Marekani), madarasa yakifanyika Marekani, na ikamilike ndani ya miezi 24. Ndani ya krediti hizo kuwe na 2 za maadili ya uwakili, 2 za utafiti na uandishi wa kisheria, 2 za misingi ya sheria ya Marekani, na 6 za masomo yanayotahiniwa. Masomo ya mtandaoni bodi haiyahesabu. Chuo kinaweza kukupa shahada bila mpangilio huu, kwa hiyo ulete mezani siku ya kuchagua masomo, wala usingoje muhula wa pili.

Kwa uhamiaji, ada ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na hulipwa kabla ya usaili pale ubalozini Gigiri. Kama karo imechangwa kwa harambee, pesa ziwe zimeshaingia benki. Ahadi za wachangaji si ushahidi. Huruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo ili uombe viza. Ukihama nyumba, toa taarifa ndani ya siku 10.

Kosa linaloumiza wengi ni kuacha somo. Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, lazima asome muda wote kila muhula. Ukilemewa, nenda kwanza kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni. Akiidhinisha kwenye SEVIS, ndipo uache. Ukiacha kabla ya idhini hiyo, hadhi yako ya uhamiaji imeharibika hata kama mwalimu alikubali. Kwa ugonjwa unahitaji barua ya daktari, na punguzo lote halizidi miezi 12. Ukijiondoa masomoni kwa ruhusa, una siku 15 za kuondoka.

Sasa tazama kalenda. Programu nyingi huisha Mei, na F-1 hukupa siku 60 baada ya tarehe ya mwisho ya I-20. Zinaishia katikati ya Julai, ilhali mtihani wa uwakili hufanywa wiki ya mwisho ya Julai. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza hata kuzipunguza ziwe 30. Wakili msomi anayebaki ili atahiniwe huomba OPT, kibali cha kazi cha miezi 12. Maombi hufunguliwa siku 90 kabla ya programu kuisha, na chuo lazima kikupendekeze kwanza. Ukishapendekezwa una siku 30 za kutuma fomu. Ombi lililotumwa kwa wakati hukuruhusu kubaki likisubiri jibu, lakini si kufanya kazi. OPT ikianza, siku zisizo na kazi zisizidi 90 kwa jumla, na kusomea mtihani nyumbani hakuhesabiwi kuwa kazi. Tarehe ya kuanzia unaichagua mwenyewe ndani ya zile siku 60, kwa hiyo anayefanya mtihani wa Julai ni heri achague tarehe ya mwisho kabisa inayoruhusiwa.