Pale palipobaki peupe

Jana usiku binti yangu alikuwa anachora seli ya mnyama, kazi ya darasani aliyoiacha hadi dakika ya mwisho. Duara kubwa: utando. Duara dogo alilolikoleza wino: kiini. Maharage mawili yenye mistari tumboni: mitokondria. Nukta chache za ribosomu. Akafunika kalamu, halafu akauliza, "Baba, na hapa peupe pana nini?"

"Saitoplazimu," nikajibu upesi. Akaandika. Swali likabaki kwangu.

Maana pale si peupe hata kidogo. Ni uji mzito uliosongamana protini, na ribosomu zenyewe ni mamilioni. Nakala za maagizo hutoka kwenye kiini kupitia vitundu vyake, ribosomu zikazisoma na kuunga asidi amino moja baada ya nyingine hadi protini itimie. DNA, yenye maagizo yenyewe, haitoki. Imekunjwa humo ndani, na ukiinyoosha inafika kama mita 2.

Sisi tuliambiwa kiini ni ubongo wa seli. Siku hizi msemo huo unanikera. Seli nyekundu ya damu inapokomaa hukitema kiini chake ili himoglobini, protini inayobeba oksijeni, ipate nafasi, na bado inapiga kazi siku 120 hivi. Ubongo gani huo wa kutupwa?

Ila wanaonishangaza zaidi ni yale maharage. Mitokondria zina DNA yake zenyewe na huongezeka kwa kugawanyika, kama bakteria. Mwaka 1967 mwanabiolojia Lynn Margulis alichapisha makala akidai kwamba asili yake ni bakteria walioingia ndani ya seli nyingine, wakalowea humo. Wengi walimpinga, leo ndiyo inayofundishwa. Nishati tunayoitumia hata kufumba jicho, sehemu kubwa inatoka kwa hao wageni wa kale.

Nikamsimulia. Nikaongeza kwamba mitokondria mtu huzirithi kwa mama, kwa kuwa za baba huharibiwa baada ya yai kurutubishwa.

"Kwa hiyo wewe hukunipa hata moja?"

"Hata moja. Na zangu mimi ni za bibi yako."

Akacheka sana. Kisha akauliza seli moja huwa nazo ngapi. Nikamwambia inategemea, ya ini huwa na mamia kwa mamia. Akalitazama daftari, akaifunua tena kalamu, akaanza kuchora maharage pale peupe.