Bao Moja Tu

Jumapili ile, Mei 4, 2025, nilitoka zamu ya usiku asubuhi, nikajilaza kidogo, mara binti yangu akaja kunivuta shuka. "Mama, amka, tutachelewa." Alikuwa keshavaa jezi ya bluu. Kutoka kwetu Small Heath, mjini Birmingham, hadi uwanja wa St Andrew's ni mwendo wa miguu, na yeye ndiye aliyenitia mapenzi ya timu ya wanawake ya Birmingham City.

Ilikuwa siku ya mwisho ya ligi ya wanawake daraja la pili Uingereza. Timu 11, na ya kupanda ligi kuu ilikuwa moja. Ratiba ikawakutanisha wawili waliokuwa wakiuwania ubingwa: London City Lionesses walitaka sare, sisi tulitaka ushindi. Birmingham walishuka mwaka 2022 na tangu hapo walikuwa wakihangaika kurudi. London City nao hawakuwa wa kubeza. Ni klabu ya wanawake peke yao, isiyo na timu ya wanaume ya kuegemea. Nyuma yao alikuwako tajiri Michele Kang, na uwanjani mkongwe wa Sweden, Kosovare Asllani.

Wakatangulia kwa mabao mawili. Mzee mmoja mbele yetu alikunja skafu akaitia mfukoni.

Kisha tukarudisha moja. Tukarudisha la pili. Utotoni baba alikuwa akinipeleka Mkwakwani, Tanga, kuwatazama Coastal Union, wanaume uwanjani na wanaume majukwaani, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja nitapiga kelele hadi sauti inikauke kwa ajili ya wasichana. Binti yangu alinikamata mkono, kucha zikaniingia. "Bado moja, Mama. Moja tu!" Kila mpira uliopigwa kuelekea lango lao ulituinua vitini, na kila uliookolewa ulitukalisha.

Filimbi ikalia, 2-2. London City wakakimbiliana, wetu wakakaa chini kwenye nyasi.

"Lakini si sisi wa pili?" akaniuliza. "Kwa wanaume wa pili naye hupanda."

Ni kweli, hupanda. Sikuwa na la kumjibu, na nilikasirika. Hata leo nikikumbuka hukasirika. Msimu mzima wa jasho, halafu mlango ni mmoja! Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba ligi kuu itaongezwa hadi timu 14, na mwishoni mwa msimu wa 2025/26 wawili watapanda moja kwa moja, wa tatu acheze mchujo na anayeshika mkia ligi kuu. Nilifurahi sana. Ila wale waliokaa kwenye nyasi siku ile, sheria iliwafikia wamekwisha chelewa.

Siku ile tulirudi kwa Coventry Road bila kusemezana. Nyumbani alivua jezi, akaifua mwenyewe kwa mkono, akaianika bafuni. Jumanne alikuwa na mazoezi.