Rubani wa Pwani Mjini Dubai: Kazi, Nyumba na Kibali Chini ya Mwajiri Mmoja

Vijana wanaosomea urubani katika uwanja wa Wilson mjini Nairobi wakipata nambari yangu ya simu, swali lao la kwanza huwa ni mshahara. Silioni swali hilo kuwa baya. Mafunzo ya urubani nchini Kenya hugharimu mamilioni ya shilingi, na mara nyingi fedha hizo hutoka kwa familia iliyouza shamba au kuchukua mkopo wa benki, kwa hiyo aliyesomeshwa hivyo ana haki ya kujua ni wapi atalipwa vizuri. Mshahara wa Ghuba ni mzuri, na hapa Dubai haukatwi kodi ya mapato. Lakini kwa kuwa nimeishi huku na familia yangu kwa miaka kadhaa sasa, naona ni wajibu wangu kueleza jambo ambalo karatasi ya mshahara haionyeshi: rubani mgeni hapati kazi tu kutoka kwa mwajiri wake, bali hupata kwake pia nyumba, karo ya watoto, bima ya matibabu na hata ruhusa ya kuwapo nchini, na siku kazi inapokwisha, vyote hivyo hukwisha pamoja nayo.

Nianze na leseni, kwa maana hapo ndipo wengi hushangaa. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, unasema katika kifungu cha 32 kwamba rubani wa ndege inayovuka mipaka lazima awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ambako ndege hiyo imesajiliwa. Kwa hiyo leseni ya Kenya, hata iwe ya daraja la juu kabisa, haimruhusu mtu kuirusha ndege iliyosajiliwa Falme za Kiarabu mpaka mamlaka ya huku ijiridhishe. Mamlaka hiyo huiandikia mamlaka ya Kenya kuuliza kama leseni ni halali, humpeleka rubani kwa madaktari wake wenyewe wampime macho, masikio na moyo upya, na huangalia kiwango chake cha Kiingereza cha redioni, ambacho kimataifa hupimwa kwa ngazi sita, ya nne ikiwa ndiyo ya chini inayokubalika. Baada ya hayo huja mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha, na majaribio ndani ya simuleta, yaani mashine inayoigiza safari ya ndege, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi sita katika maisha yako yote ya kazi.

Linalouma zaidi ni cheo. Katika mashirika mengi ya ndege nafasi yako hufuata tarehe uliyoajiriwa, wala nafasi hiyo haihamishiki. Nilikuwa kapteni nyumbani, nikiendesha ndege za pangaboi kwenda viwanja ambavyo njia yake ya kurukia ni ya murramu, na hapa nikaanza tena katika kiti cha kulia kama rubani msaidizi, nyuma ya watu wenye umri mdogo kuliko wangu waliotangulia kuajiriwa. Nilikubali jambo hilo kwa moyo mweupe, kwa sababu nilitaka kujifunza ndege kubwa za masafa marefu, na kwa sababu nilijua kwamba ningerudi kiti cha kushoto, ambacho ni cha kapteni, kwa kupimwa upya na si kwa kubembeleza. Ila mwenye fahari kubwa juu ya mistari minne ya kapteni mabegani na ajiulize kabla ya kusaini kama ataweza kuuvua mmoja.

Hata hivyo, tuliotoka Afrika Mashariki hatuji mikono mitupu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, injini hutoa nguvu pungufu na ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kunyanyuka. Ndiyo sababu njia yake ya kurukia ina urefu wa takriban mita 4,100. Dubai iko ufukoni, karibu sawa na bahari, lakini mwezi wa Julai joto hupita nyuzi 40 na hewa huwa nyepesi vilevile. Rubani aliyezoea kupiga hesabu ya uzito mchana wa Nairobi huielewa Dubai haraka. Kilichokuwa kigeni kwangu ni ukungu wa alfajiri za Desemba na Januari, unaoingia jangwani kwa ghafla na kuwalazimu marubani kuiacha mitambo iitue ndege yenyewe huku wao wakiisimamia kwa macho yasiyopepesa.

Kazi yenyewe naipenda kama nilivyoipenda siku ya kwanza. Mara nyingi nakutana na kapteni wangu kwa mara ya kwanza katika chumba cha maandalizi, saa moja au zaidi kabla ya safari. Yeye atoke Brazili au Korea, mimi Mombasa, na usiku huohuo tuvuke bahari pamoja bila kugongana, kwa kuwa kila tendo katika chumba cha rubani limeandikwa nani alifanye na nani alihakikishe. Katika safari ndefu za kwenda pwani ya magharibi ya Marekani, zinazofika saa 15 au 16 angani, marubani huwa wanne, na wawili hulala katika vitanda vidogo vilivyofichwa mbali na abiria wakati wenzao wanaendesha. Sheria za saa za kazi ni kali: Ulaya, kwa mfano, rubani haruhusiwi kuzidi saa 100 za kuruka katika siku 28, wala saa 900 katika mwaka mmoja wa kalenda. Kwenye karatasi hizo ni saa chache. Mwilini si chache, kwa sababu nyingi kati yake ni za usiku, na anayerudi nyumbani alfajiri huwakuta watoto wakivaa sare za shule, nao hujifunza mapema kutembea kwa kunyata mchana.

Ramadhani huhitaji maelezo ya pekee kwa wasomaji wa Pwani, maana naulizwa kila mwaka. Mimi sifungi siku ya kuendesha ndege. Qur'ani yenyewe imemruhusu msafiri kufungua na kulipa siku nyingine, na mtu aliye na mamia ya roho mgongoni hana haki ya kuwa na kiu na kichwa kizito wakati wa kutua. Nalipa siku zangu katika miezi ya baridi, mchana ukiwa mfupi. Abiria waliofunga hutuuliza saa ya kufuturu, na jibu lake si jepesi, kwa kuwa ukiwa juu sana jua bado linaonekana wakati watu wa chini wameshakula tende.

Katika anga ya Afrika, marubani hutangaza mahali walipo katika masafa ya redio ya megahezi 126.9, ili ndege zijuane pale ambapo huduma ya waongoza ndege ni hafifu. Matangazo hayo ni ya Kiingereza na yanapaswa kubaki hivyo. Hata hivyo, lafudhi haijifichi. Nikisikia sauti ya Kitanzania au ya Kikenya ikitaja urefu wake na kituo chake kijacho, huwa najua nimekaribia kwetu kabla ramani haijaniambia.

Sasa niseme juu ya familia. Shule za binafsi za Dubai ni nzuri na ghali mno, na posho ya karo ndiyo inayowafanya wazazi wengi wang'ang'anie kazi hata wakiwa wamechoka. Watoto wetu husoma kwa Kiingereza na hufundishwa Kiarabu kwa lazima, na Kiswahili kimebaki mikononi mwetu wazazi. Mke wangu na mimi tumeweka sheria kwamba mezani hatusemi lugha nyingine, na Waomani wenye asili ya Unguja tunaofahamiana nao wametusaidia kuliko wanavyojua, kwa kuwa watoto wangu waliona wazee wenye kanzu za Kiomani wakisema Kiswahili kizuri kuliko cha kwao, na wakakiheshimu.

Misiba ni mtihani mwingine. Dubai na Mombasa zimetenganishwa na saa chache tu za safari, na wafanyakazi wa mashirika ya ndege hupata tikiti za bei nafuu, lakini tikiti hizo ni za kusubiri nafasi ikibaki, na wakati wa likizo za shule nafasi haibaki. Marehemu baba yangu alifariki usiku na kuzikwa siku iliyofuata baada ya sala ya adhuhuri, kama ilivyo desturi na sunna yetu ya kutomchelewesha maiti. Mimi nilikuwa hotelini Asia ya mashariki, nikiwa na zamu ya kuirudisha ndege. Nilieleza hali yangu, nikaondolewa katika zamu kwa utaratibu na kwa heshima, lakini nilifika Mombasa wakati wa hitima. Kaka zangu walikuwa wamefanya kila kitu. Nimewaeleza vijana jambo hili waziwazi, kwa sababu sidhani kuna mshahara unaolifidia, na ni afadhali mtu alijue kabla ya kuja kuliko kulikuta.

Lakini somo kubwa kuliko yote tulilipata mwaka 2020. Mwezi wa Machi Falme za Kiarabu zilisimamisha safari za abiria kwa sababu ya korona, na katika miezi iliyofuata mashirika mbalimbali ya eneo hili yalipunguza marubani wengi. Kibali cha ukaazi kilifungamana na kazi: kazi ikifutwa, kwa kawaida wakati ule mtu alikuwa na siku 30 za kuondoka au kupata mwajiri mwingine, na karibu hakukuwa na rubani aliyekuwa akiajiriwa popote duniani. Niliwasaidia majirani kuuza magari na makochi kwa bei ya kutupa. Waliokuwa na mikopo walipata taabu zaidi, kwa maana benki za huku hulizuia fungu la mwisho la mshahara mpaka deni lilipwe, na wakati huo hundi iliyokosa fedha bado ilikuwa kosa la jinai. Sheria hiyo ya hundi ililegezwa mwaka 2022. Tangu hapo sina mkopo wowote Dubai, na gari langu ni la zamani.

Hakuna chama cha wafanyakazi cha kukutetea, kwani sheria ya huku hairuhusu vyama hivyo wala migomo. Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma kupitia chama chao, wakidai pamoja na mengine kurejeshwa kwa michango ya hazina yao ya uzeeni, na sisi tulio huku tulifuatilia habari hizo kwa hisia mchanganyiko: mgomo uliwaumiza abiria, lakini wenzetu walikuwa na meza ya kukaa na mwajiri. Mgeni huku hana pensheni. Ana kiinua mgongo, ambacho kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Neno la kuzingatia ni msingi, kwa kuwa posho za nyumba na za safari, ambazo hufanya mshahara uonekane mnono, hazihesabiwi.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuja na aje, lakini aje akiwa amejipanga. Akate bima ya kupoteza leseni, maana kipimo kimoja cha moyo kinaweza kumtoa angani miaka mingi kabla ya ukomo wa miaka 65. Aweke akiba nyumbani na si hapa, na ahakikishe leseni yake ya Kenya au Tanzania haifi, kwa sababu kuifufua ni kazi kuliko kuilea. Kama shirika lake la sasa lilimlipia mafunzo kwa sharti la kulitumikia kwa muda fulani, amalize muda huo au alipe deni, kwani waajiri huulizana. Na daftari lake la saa za kuruka liwe limepigwa muhuri ukurasa kwa ukurasa, pamoja na barua ya mamlaka ya kwao inayothibitisha leseni. Barua hiyo aiombe kabla ya kutuma maombi ya kazi, kwa kuwa akisubiri mpaka aitwe kwenye usaili, nafasi yake inaweza kwenda kwa mwingine.