Washa ya Nusu Inchi

Juzi binti yangu alikuwa anapekua boksi la vifaa, akatoa washa nyeusi, kile kipete cha raba cha kuzuia maji, iliyobonyea upande. "Baba, hii si imeshakufa? Unaitunzia nini?" Nikamwambia ni ya choo cha bibi yake wa Nkuhungu, Dodoma.

Siku ile huyo bibi, ambaye ni shangazi yangu, alinipigia mchana. Fundi alikuwa ameshapita, akaongeza tredi tepu, ule utepe wa kuzungushia tredi yaani mikato ya skrubu, akakaza, na bado sakafu ililowa. Koki ya ukutani ndiyo iliyokuwa inadondosha, kwa hiyo kila aliyeingia mle aliikaza hiyo koki.

Kwenye kazi hii spana ije mwisho. Tone huteremka na paipu, likaonekana mbali na lilikotokea. Nilikausha kila kitu kwa kitambaa, nikachana karatasi ya chooni vipande vidogo, nikavigusisha kimoja kimoja kuanzia juu. Kipande cha kwanza, pale mguu wa boli valvu, ile valvu yenye boya inayojaza tanki, unapotokeza chini ya tanki, kikabaki kikavu. Cha pili nilikishikilia kwenye nati ya fleksibo, ile paipu inayopinda inayotoka kwenye koki kwenda kwenye tanki, nikasubiri. Pembeni pakatokea doa la unyevu, dogo kama punje ya mtama, likaanza kutanuka taratibu. Hapo ndipo maji yalipokuwa yanatokea, yakifuata waya wa fleksibo hadi kwenye koki.

Koki ilikataa kufunga. Maji yetu ya visima vya Mzakwe yana chumvi, na koki isiyoguswa muda mrefu huganda. Nikafunga geti valvu ya nje karibu na mita, nikaflashi, nikaweka ndoo chini, nikafungua nati.

Ndani tepu ilikuwa imejazana hadi mdomoni, washa imekaa upande. Kwenye muungano huu tredi hazizuii maji, zinaivuta nati tu. Kinachozuia ni washa kubanwa bapa kwenye mdomo wa mguu wa valvu. Tepu ikiingia kati, washa hailali sawa, na ukizidi kukaza raba inakatika au mguu wa plastiki unapasuka. Tepu mahali pake ni ukutani, koki inapoingia kwenye soketi. Ile washa niliichukua ili nimwoneshe yeyote anayebisha.

Nikatoa tepu yote, nikafuta mdomo kwa siki, nikaweka washa mpya ya nusu inchi. Nikakaza kwa mkono mpaka mwisho, kisha robo mzunguko kwa spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, mkono wa pili umeshika boli valvu ndani ya tanki. Valvu ikizunguka, boya hukwama kwenye ukuta wa tanki na maji hayakatiki.

Majaribio ya mchana hayatoshi, maana presha hupanda usiku watu wakishafunga mabomba. Nikaizungushia nati karatasi kavu, nikamwomba shangazi aitazame alfajiri. Akapiga: "Kavu kabisa, baba."

Ile koki hatukuibadilisha. Soketi yake imefukiwa nyuma ya vigae; ikizunguka humo, ukuta unabomolewa. Shangazi alisema iachwe, nami nikakubali. Lakini fleksibo nazo huchoka, na ikipasuka usiku itabidi mtu atoke mbio hadi kwenye mita, na shangazi magoti yanamsumbua. Pengine ningemshawishi tubomoe vigae viwili vitatu. Kila nikienda Nkuhungu naigeuza kidogo: inasogea, haifungi.